Safu ya Nyuma, Siku za Mvua

Nilikaa nyuma, juu ya kiti cha mtoto,
magoti yakikaribia kidevu,
na karatasi ya visanduku mapajani.
Kila dakika tatu, alama:
nani kasema, nani kaulizwa,
na mwalimu akishauliza
anangoja hadi hesabu ya ngapi
kabla hajajijibu mwenyewe.

Kisiwa cha Chiloé, kusini mwa Chile.
Mvua hapa haipiti, ni mkazi;
ina siku zake za mapumziko, chache,
na watu huzikumbuka kama sikukuu.

Mwalimu Orfelina Barrientos hakunipa salamu.
Miaka ishirini na sita ya chaki imemfunza
kwamba mgeni mwenye kalamu
huja na fomu, huondoka na jina lako.
"Andika bati," aliniambia mlangoni.
"Andika linavyopiga kelele."
Nikamwambia fomu haina kisanduku cha bati.
"Basi fomu yako haijawahi kusoma hapa."

Nikaandika pembeni, kwa penseli, kumridhisha tu:
Jumanne, mvua. Alhamisi, mvua. Ijumaa, kukavu.

Wiki sita. Madarasa manne.
Ofisi ya elimu mjini Castro ilitaka wastani,
na wastani uvikwe rangi:
kijani kwa wazima, manjano kwa wagonjwa,
nyekundu kwa mahututi.
Darasa la sita likatoka jekundu.
Barua ya kumpeleka Orfelina mafunzoni
ilikuwa imeshachapwa, inangoja muhuri.

Lakini wastani ni supu:
ukishaikoroga, huwezi kuuliza
karoti ilikaa wapi.

Ni yeye aliyeomba karatasi zenyewe,
zile chafu, zenye duara la kikombe cha chai.
Akazipanga moja juu ya nyingine,
akazibandika kwenye kioo cha dirisha,
mwanga ukapita.
Sufuri zikalaliana.
Viti vinne vya nyuma, vile vile,
vimenyooka kama vifungo vya koti.
"Sasa toa za siku kavu," akasema.

Yanira Guaquel, kiti cha kumi na tisa:
Ijumaa ile kavu, mkono juu mara saba.
Siku za mvua, sufuri. Sufuri. Sufuri.
Nami nilikuwa nimeandika kando ya jina lake,
kwa mwandiko mzuri:
hashiriki.

Mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa hasikii.

Fedha za dari hatukupata; barua yake iko njiani,
labda nayo imenyeshewa.
Akina mama walileta mablanketi ya sufu,
yale mazito, ya kondoo wao,
yakapigiliwa misumari chini ya bati, rangi rangi,
darasa likanuka zizi mwezi mzima.
Madawati yakaacha safu,
yakazunguka jiko kama watu wanaoota moto.

Sitasema mvua ilibeba lawama yote.
Karatasi zile zile zilionyesha
jambo lisilojali hali ya hewa:
Orfelina aliuliza, akangoja sekunde moja,
akajijibu. Kwa mvua, moja. Kwa jua, moja.
Aliitazama moja ile kwa muda mrefu
kuliko alivyowahi kumngoja mtoto yeyote.
Kisha: "Rudi Jumatatu. Nihesabu tena."

Jumatatu ilinyesha, kama ilivyoajiriwa.
Akauliza kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi
ilhali nne ni kubwa kuliko tatu.
Moja.
Akashika ukingo wa meza.
Mbili. Tatu.
Jiko likapasua kuni.
Nne, mtu akakohoa, tano,
na Yanira akasema,
"Kwa sababu mkate ni ule ule,
walaji ndio wameongezeka."

Kisanduku cha dakika hiyo kiko wazi.
Nilisahau kuandika.
Ofisi ya Castro iliirudisha karatasi
na mstari mwekundu chini yake:
data pungufu.